Mgombea mpya akiletwa ghafla, nani anatupa sababu?

Joe Biden alijitoa kwenye mbio za urais wa Marekani Jumapili ya tarehe 21 Julai 2024, kwa barua aliyoiweka kwenye mtandao wa X. Kwa saa zetu ilikuwa inakaribia saa tatu usiku. Kesho yake, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Mabatini hadi maegesho ya bodaboda pale Buzuruga, watu wa Mwanza waliijadili habari ile kana kwamba aliyejitoa ni mgombea wa Nyamagana. Wapo walioshangaa kuona mji wenye shida zake lukuki ukitumia asubuhi nzima kuzungumzia mambo ya Washington. Mimi sikushangaa. Watu wa Kanda ya Ziwa tunajua maana ya kubadilishiwa mgombea wakati tumeshajipanga, na waliokuwapo mwaka 2015 hawajasahau.

Chama kubadili mgombea dakika za mwisho si dhambi. Kuna wakati ni lazima, na kuna wakati ni busara. Kinachowaumiza wapiga kura, na mara nyingi kikakiumiza chama chenyewe, ni ukimya wa wale waliojua mapema, pamoja na maelezo ambayo watu waliyasubiri yasije.

Wamarekani waliliona tatizo kwa macho yao tarehe 27 Juni 2024, kwenye mdahalo wa Atlanta. Rais mwenye miaka 81 alipoteza mtiririko wa maneno, akakwama katikati ya sentensi, akamwachia Donald Trump uwanja. Lakini wasaidizi, mawaziri na wabunge waliokuwa wakikaa naye mezani walikuwa wakimwona muda wote. Februari ya mwaka huohuo, mwendesha mashtaka maalumu Robert Hur alishaandika kwenye ripoti yake kwamba kumbukumbu ya Rais ni dhaifu, na wakubwa wa chama chake cha Democratic wakamgeukia Hur badala ya kuligeukia tatizo. Kura za maoni za chama zikapigwa, watu takribani milioni 14 wakampa Biden kura zao, na hakuna mwanasiasa mzito hata mmoja ndani ya chama aliyethubutu kuchukua fomu dhidi yake. Baada ya mdahalo ndipo ndimi zilipofunguka. Kilichoamuliwa na watu milioni 14 kwa miezi kadhaa kikatenguliwa kwa mazungumzo ya wiki tatu na ushei, mengi yakiwa ya simu na vyumba vilivyofungwa.

Kamala Harris akakabidhiwa mbio zikiwa zimebaki siku 107. Mwanzoni msisimko ulikuwa mkubwa. Michango ilimiminika, mikutano ikafurika, wajumbe wakampitisha kwa kura ya mtandaoni mwanzoni mwa Agosti, na mkutano mkuu wa Chicago ukawa wa vigelegele. Tarehe 5 Novemba akapoteza majimbo yote saba yenye ushindani, akabaki na kura 226 za wajumbe wa majimbo wanaomchagua Rais, dhidi ya 312 za Trump. Sisemi haraka peke yake ndiyo iliyomwangusha. Gharama za maisha na suala la wahamiaji vilikuwa vizito kuliko mgombea yeyote. Ila kuna jibu moja alilolitoa Oktoba ile ambalo mpaka leo nalirudia kichwani. Aliulizwa kwenye kipindi cha televisheni ni jambo gani angelifanya tofauti na Biden katika miaka minne ile. Akajibu kwamba hakuna linalomjia akilini.

Alikuwa Makamu wa Rais wa serikali ileile, aliyekaa kwenye vikao vilevile. Kama angetaja jambo moja zito, swali la pili lingekuwa: kwa nini hukulisema wakati ule? Chama chake kilikuwa hakijawaeleza wananchi kwa nini kimebadili mgombea, zaidi ya kumshukuru aliyeondoka kwa uzalendo wake. Sababu isiyosemwa na chama haiwezi kusemwa na mgombea mmoja akiwa peke yake mbele ya kamera. Harris alipewa nafasi ya kugombea bila kupewa ruhusa ya kueleza kwa nini nafasi ilikuwa wazi.

Chama hichohicho kilishapita njia hii. Tarehe 31 Machi 1968 Rais Lyndon Johnson alitangaza kwamba hatagombea tena, huku vita ya Vietnam ikimkalia kooni. Juni Robert Kennedy akauawa. Mwezi Agosti, hukohuko Chicago, chama kikampitisha Makamu wa Rais Hubert Humphrey ambaye hakushiriki kura za maoni hata za jimbo moja, na nje ya ukumbi polisi walikuwa wakiwapiga vijana kwa virungu. Humphrey akashindwa na Richard Nixon. Baada ya hapo chama kilikaa chini na kubadili kanuni, ili kuanzia 1972 mgombea atokane na kura za wanachama majimboni. Kanuni zile ni nzuri. Lakini zilijengwa kwa kudhani kwamba wenye taarifa watazitoa kabla ya kura kupigwa, na mwaka 2024 wenye taarifa walinyamaza mpaka kura zilipokwisha.

Sasa turudi kwetu.

Mwaka 2015 makada 42 wa CCM walichukua fomu za kuomba kuteuliwa kugombea urais. Hapa Mwanza jina lililokuwa midomoni mwa watu, wapenzi na wapinzani, lilikuwa moja: Edward Lowassa. Alikuwa na mtandao hadi kwenye kata, na wadhamini hawakuwa tatizo kwake. Julai, kule Dodoma, Kamati Kuu ikapitisha majina matano: Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. La Lowassa halikuwamo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walitoka nje usiku na kuwaambia waandishi kwamba hawakubaliani na uamuzi ule. Ndani ya ukumbi wa Halmashauri Kuu wajumbe waliimba kwamba wana imani na Lowassa. Tarehe 12 Julai mkutano mkuu ukamtangaza Magufuli, Waziri wa Ujenzi, mtoto wa Chato, ambaye Juni ile ungempa mtu elfu kumi aweke dau kwamba ndiye atakayekuwa mgombea, angekurudishia elfu kumi yako.

Siku 16 baadaye, tarehe 28 Julai, Lowassa akatangaza kujiunga na CHADEMA. Tarehe 4 Agosti akapitishwa kuwa mgombea urais wa chama hicho, akiungwa mkono na vyama vinne vya UKAWA, muungano wa upinzani. Kwa kuwa sheria yetu haikuruhusu muungano wa vyama kusimamisha mgombea kwa jina la muungano, Juma Duni Haji wa CUF ilibidi naye ahamie CHADEMA ili awe mgombea mwenza. Ndani ya wiki nne, vyama viwili vikubwa vya nchi vilikuwa na wagombea ambao wanachama wa kawaida hawakuwatarajia.

Ni lazima msomaji aelewe hali ya Mwanza wakati huo. Mwaka 2010 CHADEMA ilikuwa imeinyang'anya CCM majimbo yote mawili ya jiji: Ezekiel Wenje alimshinda Lawrence Masha Nyamagana, na Highness Kiwia akamshinda Anthony Diallo Ilemela. Ukerewe nayo ikaenda upinzani. Aliyeibeba bendera ya urais mwaka ule alikuwa Dk. Willibrod Slaa, aliyepata kura zaidi ya milioni 2.2 nchi nzima, na hoja iliyowaingia watu wa huku ilikuwa ufisadi. Vijana wa magwanda walipita mtaa kwa mtaa wakieleza kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond ni nini, na kwa nini Waziri Mkuu alijiuzulu Februari 2008. Waziri Mkuu huyo alikuwa Lowassa. Haki itendeke kwa marehemu: hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani, na mwenyewe alisema hadi mwisho kwamba alijiuzulu kwa kuwajibika. Lakini vijana wale hawakuwa wakizungumza kama mahakama. Walikuwa wamefundishwa hivyo na viongozi wao, na walikuwa wameaminiwa.

Agosti ile nilikuwa Mwaloni, Kirumba, kwenye soko la dagaa. Mitumbwi ilikuwa imeshashusha, makuli wanapokezana magunia, na kijana mmoja wa CHADEMA, namfahamu kwa sura, alikuwa akimshawishi mama mmoja muuza dagaa aje kwenye mkutano wa Lowassa. Mama alimwachia azungumze yote huku akichambua dagaa wake, akitupa pembeni waliochanganyika na mchanga. Kijana alipomaliza, mama akamwambia: "Mwanangu, juzi mlituambia tumkimbie. Leo mnatuambia tumkimbilie. Mimi umri huu mbio hizo siziwezi. Niambie kwanza amebadilika nini."

Kijana akasema, "Mama yangu, safari hii tunachotaka ni CCM itoke. Mengine tutayaona mbele ya safari."

"Haya. Na yule daktari wetu mmempeleka wapi?"

Hapo kijana hakuwa na neno. Akacheka kidogo, akaangalia chini, akasema daktari amepumzika. Ndivyo alivyoambiwa na viongozi wa juu, na ndivyo viongozi wa juu walivyokuwa wakisema wiki zile. Sikumwonea haya yule kijana, niliwaonea hasira waliomtuma. Alikuwa amekijenga chama kwenye mialo ya Kirumba kwa miaka mitano, hana mshahara wala posho, na siku chama kilipogeuka hakuna aliyempigia simu kumweleza ajibu nini. Alitakiwa atoe sababu ambayo yeye mwenyewe hajapewa.

Sababu ilipokuja, ilitoka kwa aliyeondoka. Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF tarehe 6 Agosti, akisema dhamiri yake inamsuta. Dk. Slaa alinyamaza hadi tarehe 1 Septemba, kampeni zikiwa zimeshaanza, ndipo akaitisha waandishi na kusema anaachana na siasa za vyama kwa kuwa hakukubaliana na namna Lowassa alivyoingizwa. Kwa mwezi mzima kabla ya hapo watu wa Mwanza walikuwa wakijaza pengo kwa uvumi: mara amenunuliwa, mara amefungiwa ndani, mara atatokea uwanja wa Furahisha siku ya mkutano na kumshika mkono Lowassa. Uvumi ule haukuanzishwa na CCM. Ulianzishwa na ukimya wa wenye chama, na baadaye CCM ikauvuna.

Najua jibu la makada wa CHADEMA, kwa sababu wamelirudia miaka yote hii. Wanasema Lowassa aliwaletea kura. Ni kweli. Alipata kura zaidi ya milioni 6, asilimia 39.97, kiwango ambacho upinzani haukuwahi kukifikia tangu vyama vingi virudi. Augustine Mrema, aliyetoka CCM kwenda NCCR-Mageuzi mwaka 1995 kwa mtindo unaofanana na huu, alipata asilimia 27.8 na watu wakadhani hapo ndipo kilele. Wabunge wa upinzani waliongezeka. Dar es Salaam, Arusha na Kilimanjaro zilikuwa moto. Aliyekuwapo Mwanza siku Lowassa alipokuja hawezi kusema watu walikuwa wachache.

Ila tutazame ramani ya huku. Nyamagana ilirudi CCM kwa Stanslaus Mabula, Ilemela ikarudi kwa Angelina Mabula. Ngome iliyojengwa 2010 ilivunjika mwaka uleule ambao upinzani ulipata kura nyingi kuliko wakati wowote. Ukerewe peke yake ndiko CHADEMA ilikosalia na jimbo katika mkoa mzima. Wapo wanaosema sababu ni Magufuli: mtu wa ziwa, aliyewahi kufundisha Sengerema, aliyefanya kazi Chama cha Ushirika Nyanza hapahapa mjini, anayepanda jukwaani na kuwasalimia wazee kwa Kisukuma. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Hata Slaa mwenyewe angepata taabu mbele ya mgombea wa nyumbani. Lakini silaha pekee ambayo ingemudu ukabila na ujirani ilikuwa hoja ya 2010, na hoja hiyo ilikuwa imezikwa na wenyewe walioizaa. Mawakala wa CHADEMA waliingia vituoni Oktoba 25 wakiwa na mgombea maarufu mno na bila cha kusema juu yake zaidi ya neno mabadiliko.

Ajabu ni kwamba Masha naye, aliyeangushwa Nyamagana na vijana wa CHADEMA 2010, alijiunga na CHADEMA hiyohiyo 2015, kisha akarudi CCM mwaka 2017. Lowassa akarudi CCM tarehe 1 Machi 2019. Waliosalia kujibu maswali ya majirani ni wale wale wa mialoni.

Hapa msomaji makini ataniuliza: mbona CCM nayo haikueleza kwa nini ilimkata Lowassa, na bado ilishinda kwa asilimia 58.46? Swali hili nimelifikiria sana, maana linaelekea kuibomoa hoja yangu. Ni kweli hakuna taarifa ya Kamati Kuu iliyowahi kutolewa ikieleza kosa la Lowassa lilikuwa nini. Kauli za vikao zilikuwa za jumla, za vigezo na maadili. Tofauti naiona hapa: ili kumuunga mkono Magufuli, mwana-CCM wa Igoma au Misungwi hakulazimika kumeza neno lolote alilolisema jana. Magufuli hakuwa kwenye kambi kubwa iliyokuwa ikitajwa, hakuna aliyekuwa amemtukana kwa ajili ya kambi nyingine, na kazi yake ilikuwa inaonekana: barabara zilikuwapo, vivuko vilikuwapo, unaweza kusimama Kigongo ukanyoosha kidole. Mgombea wa namna hiyo hata akija ghafla anajieleza mwenyewe. Lowassa kwa CHADEMA alihitaji maelezo marefu, ya wazi na ya unyenyekevu kutoka kwa waliomsema vibaya, na hakuyapata. Kadiri chama kilivyosema mengi jana, ndivyo deni la kueleza linavyokuwa kubwa leo.

Na CCM haikusalimika kama inavyodhani. Sehemu ya kura zile milioni 6 ilitoka kwa watu wake yenyewe, walioona mtu wao ameondolewa usiku bila kuambiwa kwa nini.

Ng'ambo ya ziwa letu, nchini Kenya, kuna mfano wa mabadiliko ya ghafla yaliyofanikiwa, na ningependa wanasiasa wa huku wausome vizuri. Oktoba 14, 2002, siku ambayo chama tawala cha KANU kilikuwa Kasarani kikimpitisha Uhuru Kenyatta kwa matakwa ya Rais Moi, Raila Odinga alisimama Uhuru Park, Nairobi, mbele ya umati, akatamka maneno mawili: Kibaki tosha, yaani Mwai Kibaki anatosha kuwa mgombea wa upinzani. Raila ndiye aliyekuwa na nguvu Kisumu na kote Nyanza. Miezi saba kabla alikuwa amekivunja chama chake na kuingia KANU. Alikuwa na kila sababu ya kutaka tiketi mwenyewe, na wenzake kadhaa aliotoka nao KANU walishtuka, maana walitaka jina litokane na vikao. Lakini watu wa Kisumu walimwona kwa macho yao mwenye haki ya kudai akiiacha haki yake hadharani na kutaja jina la mwenzake. Hakuna aliyebaki akiuliza kapelekwa wapi. Kibaki alipopata ajali Desemba na kulazwa London, Raila ndiye aliyezunguka nchi akiomba kura kwa niaba yake. Kibaki akashinda kwa asilimia 62.

Kilichokuja kuwaharibia ni kile ambacho hawakukisema uwanjani. Kulikuwa na makubaliano ya kugawana madaraka yaliyotiwa saini faraghani, wananchi hawakuonyeshwa, na baada ya ushindi kila upande ukawa na tafsiri yake. Kufikia Novemba 2005, kwenye kura ya maoni ya katiba, Kibaki na Raila walikuwa kambi mbili, moja ya ndizi na nyingine ya chungwa, na Raila akatolewa kwenye baraza la mawaziri. Sehemu ya makubaliano iliyotangazwa kwenye jua la Uhuru Park ilisimama. Ile iliyofichwa ndiyo iliyooza.

Kwetu Tanzania ubaya wa ukimya unazidishwa na sheria. Katiba inataka mgombea urais awe mwanachama wa chama na awe amependekezwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala la mgombea binafsi kwa miaka karibu ishirini; Mahakama Kuu ikamkubalia zaidi ya mara moja, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010, na Mahakama ya Afrika pale Arusha ikaamua Juni 2013 kwamba Tanzania inakiuka haki za raia wake kwa kumzuia mgombea binafsi. Sheria haikubadilika. Maana yake ni kwamba chama kikimbadili mgombea usiku, mwananchi hana mlango mwingine wa kupitia, na mgombea aliyeonewa hana mlango zaidi ya kuhamia chama alichokuwa akikipinga. Lowassa hakuwa na njia ya tatu. Tumejenga nyumba yenye milango miwili, halafu tunawashangaa wanaotoka huku na kuingia kule.

Tena sheria yetu inajua kwamba mpiga kura anahitaji muda. Mwaka 2005 uchaguzi ulipangwa kufanyika Oktoba 30. Siku chache kabla, Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa CHADEMA, akafariki dunia, na uchaguzi wa Rais na wabunge wa Muungano ukaahirishwa hadi Desemba 14. Nchi nzima ilisubiri wiki sita ili chama kimoja kipate mtu mwingine na watu wamfahamu. Kifo kinatupa wiki sita. Uamuzi wa kikao cha usiku hautupi hata siku.

Mwaka 2025 tumeona sura nyingine mbili za jambo hilihili. Januari, mkutano mkuu maalumu wa CCM uliitwa Dodoma, na kazi iliyojulikana na wengi ilikuwa kumpata Makamu Mwenyekiti wa Bara, nafasi aliyoipata Stephen Wasira wa huku kwetu Bunda. Kabla wajumbe hawajafunga mizigo, mkutano ukawa umeshampitisha Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea wa Oktoba, na Emmanuel Nchimbi kuwa mgombea mwenza, miezi mingi kabla ya wakati wa kuchukua fomu. Fomu moja tu, na hakuna mwingine aliyepata hata nafasi ya kuiomba. Nchimbi ni yuleyule aliyetoka nje ya Kamati Kuu mwaka 2015 akilalamika kwamba taratibu zimekiukwa na majina ya watu hayakuletwa kikaoni. Ningetamani sana, kwa nia njema kabisa, atueleze anaupima vipi utaratibu wa Januari 2025 kwa mizani ile ya Julai 2015. Yeye ana uzoefu wa pande zote mbili, na neno lake lingekuwa na uzito kuliko la mchambuzi yeyote.

Sura ya pili ni ya Luhaga Mpina. Wavuvi wa ziwa hili wanamfahamu kuliko wanavyowafahamu wagombea wengi, maana alipokuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi ndipo Operesheni Sangara ilipopita mialoni mwaka 2018, nyavu zikachomwa na samaki wakapimwa kwa rula. Agosti 2025, baada ya CCM kulikata jina lake la ubunge Kisesa, alihamia ACT-Wazalendo na ndani ya siku chache akapitishwa kugombea urais. Mwishoni mwa mwezi huo Msajili wa Vyama akautengua uteuzi wake kwa hoja ya taratibu za chama, na Tume ya Uchaguzi ikamzuia kurudisha fomu. Septemba Mahakama Kuu ikamrudisha. Siku chache baadaye Tume ikamwondoa tena kwa pingamizi. Hapa aliyebadili mgombea hakuwa chama, alikuwa ofisi ya serikali, na hilo ni zito kuliko yote niliyoyaeleza juu. CHADEMA haikuwamo kabisa kwenye uchaguzi huo. Yaliyotokea Oktoba 29 na siku zilizofuata, Mwanza ikiwamo, yanataka makala yake na machozi yake. Siwezi kuyapitia kwa mstari mmoja.

Lakini hata kwenye suala la Mpina kuna swali linalokihusu chama chenyewe. Wavuvi waliochomewa nyavu 2018 walitakiwa wampe kura 2025. Je, kuna kiongozi wa ACT aliyekwenda mwaloni hata mmoja akasema: ndugu zetu, tunajua huyu mnamkumbuka kwa moto, na hizi ndizo sababu zetu za kumleta kwenu? Sikumwona wala kumsikia. Pingamizi zilikula muda wote, na swali la wavuvi likabaki bila mwenyewe.

Ninachokitaka kutoka kwa vyama vyetu kabla ya 2030 kinaweza kuandikwa kwenye katiba zao bila kusubiri Bunge. Kila anayekatwa jina kwenye nafasi ya urais apewe sababu kwa maandishi, na sababu hiyo itangazwe, aliyekatwa apende asipende. Mtu anayehamia kutoka chama kingine asipitishwe kugombea urais mpaka awe amesimama mbele ya wanachama wa kanda, na Kanda ya Ziwa yenye wapiga kura wengi namna hii iwe ya kwanza kutembelewa, ajibu maswali ya waliokuwa wakimpinga. Anayepisha apewe kipaza sauti siku ileile ambayo anayeingia anapewa. Na makubaliano yoyote ya kupeana vyeo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, mtu asome. Gharama yake ni aibu ya siku moja kwa viongozi wachache. Kijana wa Mwaloni ameibeba aibu hiyo kwa niaba yao tangu 2015, na bado anakutana na yule mama kila asubuhi.